Gurudumu Linalobisha Hodi

Wifi yangu Khalayi hakuzaliwa kipofu, na wale wa mtaani Jericho wanaomwita "yule mama kipofu wa kwaya" wanamjua nusu. Aliyeifundisha kwaya yetu kuimba sauti nne ni yeye. Alikuwa akitoka zamu katika kiwanda cha biskuti, unga bado umemganda nyusini, na kusimama mbele ya waimbaji kana kwamba ameamka sasa hivi. Presha ya macho ilipoanza kumpunguzia nuru, hakumwambia mtu. Tulijua siku alipolisalimia kwa heshima zote joho la mchungaji lililotundikwa mlangoni.

Kaka yake, marehemu mume wangu Luseno, alimwachia aipodi kuukuu, ile yenye gurudumu unalolizungusha kwa kidole gumba. Humo Luseno alikuwa amemrekodia, kwa kinanda, sauti ya kuanzia ya kila wimbo wa kwaya, kwa mfuatano wa orodha yetu. Khalayi alichagua wimbo, spika ndogo ikatoa sauti, kila kundi likashika noti yake. Alipokuwa na macho alitazama kioo. Macho yalipokwisha, gurudumu likawa laini kama sahani iliyooshwa: kidole kinateleza, hujui umepita nyimbo mbili au saba.

Ni kweli kifaa hicho hutoa mlio mdogo kila unaporuka mstari wa orodha, lakini penye watu huusikii bila kujiziba masikio kwa visikizi, na mwalimu wa kwaya aliyeziba masikio ni sawa na mpishi aliyeziba pua. Tukajaribu simu inayosema. Jumapili ya kwanza ilinyamaza vizuri hadi maombi ya wagonjwa, kisha ikatangaza kanisa zima, "Betri iko chini." Mgonjwa mmoja akaitikia, "Amina."

Ndipo Bwana Patrobas, mwenyekiti wa kwaya, alipofika nyumbani kwangu, akaketi ukingoni mwa kochi.

"Mama Nekesa, kamati imeonelea wifi yako apumzike. Kwenye tamasha la kwaya atakaa mbele, kiti cha heshima. Tutamkatia keki, na tumechanga tumemnunulia blanketi."

Mimi nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia kwamba watu wa nyumba hii hawachangiwi blanketi wakiwa hai. Khalayi alinitangulia kutoka jikoni.

"Blanketi la rangi gani?"

"La maruni, mama."

"Lihifadhini. Mimi sina baridi."

Patrobas akajifuta uso. "Mama, unajua sheria za tamasha. Wimbo unachomolewa kikapuni kwa bahati nasibu, pale pale jukwaani. Hakuna wa kukutayarishia, na hairuhusiwi mtu kukusaidia. Ukitoa sauti isiyo yake mbele ya makanisa yote ya Eastlands, tutaaibika sote."

"Nikitoa sauti isiyo yake," Khalayi alisema, akija mlangoni na mwiko mkononi, "kwaya nakuachia hapo hapo, wala sitaomba kurudi."

Alisema hivyo mbele yangu, na mbele ya mgeni. Katika nyumba ya Luseno neno likitoka namna hiyo halirudi mdomoni.

Kesho yake tulikwenda Eastleigh, kwa Kawsar, binti anayetengeneza simu kwenye ghorofa ya pili ya jumba moja la biashara, kati ya duka la mapazia na la manukato. Aliigeuzageuza ile aipodi.

"Eeddo, hii peleka makumbusho," alisema. Hilo ndilo neno la Kisomali la kumwita shangazi.

"Huko makumbusho wataniacha niiguse?"

Kawsar alikuwa bado anacheka simu yake ilipopigwa, ikatetemeka juu ya meza. Khalayi akaweka kiganja mezani, akakiacha pale.

"Hicho kinachotetemeka," alisema, "unaweza kukitia humu ndani, kitetemeke kila ninaporuka mstari?"

Kawsar aliiacha simu ilie mpaka ikachoka. "Subiri," alisema. "Subiri kwanza, eeddo."

Tulimwachia. Tuliporudi alituonyesha alichofanya, mimi kwa macho, Khalayi kwa vidole. Alikuwa amebandua mgongo wa chuma kwa kipande chembamba cha plastiki, akang'oa diski ya kuhifadhia nyimbo, nene na nzito, na kuweka badala yake kadi ndogo kama ukucha, yenye nyimbo zile zile. Penye nafasi iliyobaki aliingiza mota ya simu iliyokufa na kibao kidogo cha kuiendesha, akaunga nyaya pale ulipokuwa ukitokea ule mlio. Gurudumu likiruka mstari, badala ya kulia, linatetemeka.

Khalayi alizungusha. Uso ukamkunjika.

"Huyu ni nzi ndani ya chupa."

"Lakini imetetemeka!"

"Imetetemeka, mwanangu, haikuacha. Mstari huu haujaisha wa pili umeshaingia, kama tambi zilizoiva kupita kiasi. Mimi sitaki ingurume. Nataka inibishie hodi mara moja, kisha ingoje nje."

Kawsar alicheka hadi muuza manukato akachungulia. Kisha akafungua tena. Mota ile ilikuwa ya kuzunguka, na kitu kinachozunguka hakisimami ghafla. Alitafuta katika droo zake mota nyingine, bapa, ya simu mpya zaidi, inayogonga na kutulia. Hakuibandika tena kwenye chuma cha mgongoni, bali karibu na gurudumu lenyewe. Khalayi alizungusha mstari mmoja. Akangoja. Akazungusha mwingine.

"Karibu," aliliambia gurudumu.

Kawsar alitaka kutufanyia bure, apate thawabu. Nilimwambia thawabu achukue na malipo achukue, hayagombani.

Tamasha lilifanyika katika ukumbi mmoja Kariobangi. Khalayi alishika mkono wangu hadi chini ya jukwaa. Pale akauachia, akapanda, akafika katikati peke yake; sisi waimbaji tukafuata na kujipanga mbele yake. Msichana akachomoa karatasi katika kikapu na kusoma: wimbo wa tisa katika orodha yetu.

Nje, kwaya iliyotutangulia ilikuwa bado inajishangilia kwa kayamba na vigelegele. Patrobas, kutoka safu ya besi, akanong'ona kwa mnong'ono wa mabesi, ambao husikika mpaka barabarani.

"Mama, nije nikusaidie?"

"Nisaidie kwa kuimba besi."

Watu wa mbele wakacheka. Kidole gumba cha Khalayi kikaanza kwenda, midomo ikihesabu. Mara mlango ukafunguliwa, kayamba zikamwagika ndani, na midomo ikasimama. Nilijua hesabu imempotea. Mwamuzi aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi zake. Patrobas alifumba macho.

Khalayi hakuyumba. Alilirudisha gurudumu nyuma kwa kasi, nyuma, nyuma, hadi likaacha kubisha. Hapo alijua yuko juu kabisa ya orodha, na juu ya orodha ni wimbo wa kwanza. Akaanza upya, taratibu, kama mtu anayepanga mayai. Kisha akabonyeza.

Sauti ya kinanda ikatoka, imegongwa kwa nguvu kuliko inavyohitajika, kama Luseno alivyozoea kugonga kila kitu. Ilikuwa yenyewe. Khalayi aliinua mikono, na kwaya ikashuka katika ukumbi ule kama mvua ya masika juu ya mabati. Sijui wengine waliimba nini siku hiyo. Najua kwamba tulipomaliza, zile kayamba za nje zilikuwa zimenyamaza, na wenyewe wamejazana mlangoni kusikiliza.

Tulishika nafasi ya kwanza. Mwamuzi alinyoosha kikombe, na kikombe kikabaki hewani.

"Pokea, mama."

"Sogea, bwana. Umesimama mbali kama mkwe."

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Mwamuzi alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Mama, kumbe huoni?"

"Sioni. Lakini nimesikia sauti ya tatu ikichelewa ubeti wa pili."

Tulitoka, kikombe kikipita mkono kwa mkono. Patrobas alitufuata kwenye ngazi, kofia kifuani.

"Sasa tutakutana lini?"

"Jumanne," Khalayi alisema. "Tunaanzia ule ubeti wa pili."

"Ndiyo, mwalimu," akasema Patrobas.