Kompyuta Iliyofungwa Nira

Sisi tuliokulia Bunda wakati umeme ndiyo kwanza unaingia mitaani, kompyuta tuliiota kabla ya kuiona. Mimi niliiota hata nikichambua pamba. Nafumba macho, nasikia feni yake ikivuma polepole, mama ananigutua na kapu halijajaa.

Baba alikuwa mkulima, plau lake likikokotwa na maksai wawili. Alitaka nijue kompyuta kabla sijaenda sekondari, basi akampeleka maksai mmoja kwa fundi wa kompyuta wa Musoma, karibu na mwalo wa Mwigobero, wabadilishane na mashine kuukuu. Mama alinung'unika wiki nzima. Tungelima na nini?

Fundi alikuwa na mashine mbili. Moja ilikuwa ya prosesa moja, yaani ule ubongo wa kompyuta, nyingine ya prosesa mbili zinazogawana kazi.

"Ng'ombe mmoja halimagi," baba akasema, akaishika ile ya mbili.

Lakini ilikuwa imebaki na prosesa moja tu, ya pili ilibidi baba achague kwenye boksi la vipuri. Fundi akamshauri, "Mzee, chukua pacha wake. Zilingane kila kitu."

Baba akatabasamu. Yeye wa kufundishwa kufunga nira? Kwetu maksai mzoefu hufungwa na mgeni, ili amfundishe. Tena mafahali wawili hawakai zizi moja. Akachagua yenye nguvu zaidi, iiongoze ile dhaifu.

Tulipoiwasha nyumbani ikalia piii, piii, kioo kikabaki cheusi. Mama akatoka kwenda kulitazama zizi, na hilo ndilo lililomuumiza baba. Ng'ombe ameenda, mashine haiwaki.

Kesho yake akairudisha Musoma. Fundi hakumcheka. Akampa pacha, akaweka na programu huria, zile ambazo watu huzitengeneza wakazigawa bure. Zilikuwa na kawaida moja nzuri: mashine ikiwaka, huchora pengwini mmoja, yule ndege wa nchi za barafu, kwa kila prosesa. Jioni ile wakatokea wawili, bega kwa bega, kimya. Baba akawahesabu kwa kidole, akawahesabu tena.

"Wamekubaliana hao," akasema taratibu. Sijui kama niliwahi kumpenda kuliko siku ile.

Watoto wangu leo wana simu zenye prosesa nane. Ukiwauliza ndani mna nini, wanakujibu, "Hamna kitu, mama, bando limeisha." Nane zote hizo, za kutazamia watu wakicheza dansi!

Siwacheki sana, lakini. Msimu ule baba na mama walilima kwa jembe la mkono, tangu alfajiri mpaka jua kali, na mimi nilikuwa ndani nikiandika jina langu kwenye kioo, rangi baada ya rangi. Siku moja tu ndiyo waliniita nikawasaidie. Nikaitikia nakuja, sikwenda. Leo ningekwenda mbio. Shamba limejengwa nyumba za watu, na hakuna anayeniita.