Mkia wa Komba

Mama alilitundika ua lile barazani kwetu Kilosa, ndani ya kopo la rangi ambalo baba alilitoboa chini kwa msumari. Ni ua lisilosimama. Mashina yake hutambaa mpaka ukingoni mwa kopo, kisha huning'inia, na kila shina limejaa majani mafupi manene, ya kijani kilichopauka, yaliyobanana kama manyoya ya mkia. Jina lake la kitaalamu silijui. Mama aliliita mkia wa komba, na sisi tukalizoea hilo. Alipewa kipande na jirani aliyekuwa anahama, na kwa miaka yote aliyoishi nalo sikumbuki kumwona akilihangaikia. Majani yakisinyaa kidogo alilipa maji, basi. Alichokataza ni kuligusa. Majani yake hudondoka hata ukilipangusa kwa kanga wakati unapita, na sisi tulipokuwa watoto tulijifunza kupita barazani tumekunja mabega.

Mama alifariki kwa presha, mvua za masika zilipokuwa zinaisha. Wakati huo nilikuwa tayari nafanya kazi Mikumi, mapokezi, katika nyumba ya wageni iliyo kando ya barabara kuu. Kaka yangu analima mpunga Kilangali na ana familia yake huko. Baada ya arobaini, wageni walipotawanyika, baba alibaki peke yake kwenye nyumba.

Baba ni fundi wa reli aliyestaafu. Kazi yake ilikuwa kukagua njia na kukaza nati, na alikaza kila nati aliyoikuta, iwe imelegea au haijalegea. Ndivyo alivyolitunza ua la mama. Kila siku akitoka kuswali alasiri alichukua birika la udhu na kulimwagilia mpaka maji yatiririke sakafuni. Siku ikiwa na joto kali alirudia jioni.

Nilipokwenda kumtazama nilikuta majani ya chini yamekuwa ya njano na kulegea, yanaonyesha mwanga kama ngozi ya malengelenge. Mashina mawili yalikuwa yamekatika yenyewe. Nilitia kidole kwenye udongo, ukanuka. Nikamwambia baba ua linaoza kwa maji.

"Mama yenu alikuwa analimwagilia," alisema.

Nikamjibu kwamba alilimwagilia, ila si kila siku. Baba aliliteremsha kopo mwenyewe na kuliweka juu ya meza.

Asubuhi iliyofuata tulikata mikia iliyokuwa bado mizima na kuilaza juu ya gazeti chumbani, mahali pakavu, ili vidonda vya mashina vifunge kwanza. Hilo nilikuwa nimemwona mama akilifanya. Majani yaliyodondoka tuliyakusanya kwenye sinia, kwa sababu kila jani la ua hili linaweza kutoa mche wake likiachwa bila kusumbuliwa. Baba alikwenda mtoni Mkondoa na ndoo, akarudi na mchanga. Tuliuchanganya na udongo na vipande vidogo vya mkaa, tukaujaza kwenye kopo lilelile baada ya kulisugua. Kazi hiyo tuliifanya karibu bila kuzungumza. Hatujawahi kuwa watu wa kuzungumza, mimi na yeye. Nilipokuwa nikipiga simu nyumbani alipokea, akaitikia shikamoo yangu, akauliza kama kazini ni kuzuri, kisha akampa mama simu.

Nilirudi Mikumi na mkia mmoja kwenye mfuko wa karatasi. Nusu ya majani yake niliyapukutisha njiani.

Baada ya hapo baba alianza kunipigia yeye. Mwanzo alikuwa na maswali: mizizi itatoka upande gani, sinia likae wapi, afunike au asifunike. Baadaye ikawa taarifa. Jani fulani limetoa uzi mwekundu, ndiyo mzizi. Jani jingine limekauka. Mengine yametoa vichipukizi vidogo kuliko punje ya mtama. Nilimsikiliza nikiwa nimekaa kwenye meza ya mapokezi, wageni wakipita na mabegi yao. Tukimaliza ya ua aliniuliza kama nimekula, na wakati mwingine alinieleza walivyohubiri msikitini. Hatukumtaja mama, ingawa tulizungumza juu ya kitu chake kila wiki.

Kipande changu nilikipanda kwenye kopo na kukiweka nje ya dirisha la chumba nilichopanga, juu ya ukingo unaopata jua la asubuhi tu. Kilianza kurefuka vizuri. Siku moja nilitoka kazini nikakuta kopo limeangushwa chini na tumbili amekaa juu ya ukuta wa jirani, anatafuna taratibu, na majani mengine ameyashika mkononi kama mtu anayekula karanga. Mbuga ni jirani, na tumbili wa Mikumi hawaogopi watu. Nilimpigia baba nikamweleza. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema nisisikitike, sinia lake limejaa miche, na safari hii nifunge wavu wa waya dirishani. Niliufunga, na mpaka leo upo.

Katika mazungumzo hayo ndipo nilipomsikia mtu mwingine. Baba alisema ameligeuza kopo, kwa sababu ameambiwa jua la mchana linaunguza majani. Nikauliza ameambiwa na nani. Akasema, "Mtu mmoja." Sikumchimba. Wiki nyingine mtu mmoja alikuwa ameleta kamba imara zaidi ya kutundikia. Wiki nyingine tena alikuwa ameleta maandazi.

Aliyemjua mapema ni kaka. Mtu huyo alikuwa mwanamke mjane kutoka Magole, mtu mzima mwenye wajukuu, aliyekuja Kilosa kukaa na mdogo wake. Alipita mbele ya nyumba yetu akienda darasa la kina mama msikitini, na siku alipomwona baba akihangaika na kopo juani alimsalimu kutoka barabarani na kumshauri aligeuze. Hivyo ndivyo walivyoanza. Kaka alinipigia simu akiwa na hasira ya mtu aliyeibiwa. Alisema baba anataka kumwoa, na hata kanga za mama hazijaisha kugawiwa. Akataka tukutane wote nyumbani, na baba ajieleze.

Tulikutana Ijumaa mchana, sebuleni. Kaka alizungumza kwa heshima, kama inavyotakiwa, lakini alizungumza sana. Alieleza kwamba watu watasema, kwamba baba anaweza kuhamia Kilangali akaangaliwa na mkwewe, kwamba mwaka haujafika. Baba alimwacha amalize. Alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa na mikono yake ilikuwa imelala juu ya magoti.

"Nilikaa na mama yenu mpaka Mungu alipomchukua," alisema. "Hapa sijaomba ruhusa, wanangu. Nimewaarifu."

Kaka alinitazama nimuunge mkono. Niliangalia zulia. Nilikuwa nafikiria kwamba sasa simu zitapungua, na wazo hilo lilinishangaza, maana sikujua kama nilikuwa nazihesabu kuwa zangu.

Ndoa ilifungwa baadaye kwa mdogo wa bibi harusi, kwa pilau na watu wachache. Mimi nilikwenda. Kaka alisema ana wavunaji shambani.

Mara ya kwanza nilipolala nyumbani baada ya ndoa, nilifika nikakuta misumari ya barazani haina kitu. Nilisalimu, nikapokelewa vizuri, nikapewa maji ya kunawa na chakula. Mama mdogo, ndivyo nilivyoanza kumwita, ni mwanamke mrefu, mpole, asiyekuuliza swali mpaka umalize kutafuna. Nilivumilia mpaka tulipokwenda uani kuosha vyombo, na hapo nikaliona ua. Lilikuwa limetundikwa kwenye boriti ya banda la jiko, upande wa mashariki. Lilikuwa limefika chini ya kiuno changu, zuri kuliko nilivyowahi kuliona kwa mama. Nadhani uzuri wake ndio uliofanya niulize kwa sauti niliyouliza.

"Mama mdogo, kwa nini limetolewa barazani?"

Aliendelea kusuuza sahani. "Kila anayekuja kunisalimia analitazama lile kwanza," alisema, "kisha ananitazama mimi. Nikaona nililete huku. Huku ninalitazama mwenyewe, na silioni baya."

Nilichukua sufuria nikaanza kulisugua. Baada ya muda aliniuliza kama Mikumi bado kuna tumbili wengi, nikajua baba alimsimulia. Tulizungumza juu ya tumbili mpaka vyombo vikaisha.

Simu za baba hazikupungua, ila zilibadilika. Alianza kunipigia akiwa amekaa na mama mdogo, na katikati ya maneno alimgeukia kumuuliza jambo, nami nikasubiri. Mara nyingine alinisalimia tu na kumpa yeye simu. Nilizoea. Nilijifunza kutoka kwake kwamba ua hili likipandwa kwenye chombo kikubwa mno udongo hukaa na maji muda mrefu na mizizi huchoka, na kwamba ni afadhali libanwe kidogo. Nilijaribu Mikumi na ni kweli.

Kaka hakukanyaga nyumbani mpaka Idi. Alikuja kwa sababu mke wake alimwambia watoto wataanza kuuliza babu yao yuko wapi. Aliingia, akamwamkia baba, na alipofika kwa mama mdogo alisema shikamoo kwa sauti ya chini sana. Mama mdogo aliitikia marahaba kana kwamba ameisikia vizuri. Tulikula. Baada ya chakula kaka alikwenda uani kunawa, akakaa huko. Baba alinituma nimtazame. Nilimkuta amesimama mbele ya ua, mikono nyuma, mabega ameyakunja.

Alisema anataka kulichukua aende nalo Kilangali. Ni la mama, alisema, linastahili kukaa kwa watoto wake. Mama mdogo, aliyekuwa amekuja nyuma yangu na birika, alimwambia alichukue tu. Baba alisikia akiwa ndani. Alitoka mpaka mlangoni.

"Ua ni la nyumba hii," alisema. "Wewe chukua majani. Yatakuotea."

Kaka hakubishana. Mama mdogo alileta sahani, akalitikisa shina moja kwa ncha za vidole, na majani yakaanguka humo yakilia kama mtama. Alimweleza afanye nini: asiyafunike udongo, asiyamwagie, ayanyunyizie tu yakianza kutoa mizizi. Kaka aliitikia kwa kichwa. Aliyafunga kwenye leso na kuyatia mfuko wa kanzu. Alipokuwa anaondoka alisema asante, bila kutaja jina wala cheo.

Kabla ya mvua za vuli alirudi. Alisema majani yote yameoza. Mama mdogo alimpa mengine na kumweleza upya, polepole zaidi, na safari hiyo kaka alikaa mpaka baada ya magharibi. Baadaye alirudi tena, akasema kuku wamekula. Akapewa mengine. Alikunywa chai barazani na baba, na mama mdogo akamfungia maandazi ya watoto.

Mwezi uliopita nilikuwa Kilangali kumwona wifi yangu aliyejifungua. Nyuma ya ghala, mahali penye kivuli na jua la asubuhi, niliona ndoo iliyokatwa katikati, imetundikwa kwenye mti, na mikia minene ikining'inia mpaka karibu na ardhi. Wifi alisema majani yalishika tangu mara ya kwanza, yale ya Idi. Nilimuuliza kama kaka anajua kwamba nimeona. Alisema hadhani, na akanipa mtoto nimshike.