Mbao Zinataka Upepo

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa nne, pale Njoro, nikiwa nimesimama mbele ya jengo langu jipya la kuuzia mbao, leso mpya kiunoni, najiona kama bibi harusi. Mwanangu, ukiniona leo na mvi hizi, na goti hili linaloanza kulalamika mvua ikiwa bado iko Molo, usidhani nilizaliwa na akili. Akili niliipata kwa kuumbuka mbele ya watu. Na kwa kuwa nasikia nawe umeanza kutafuta kiwanja ujenge yadi yako, keti nikwambie.

Kabla ya mbao nilikuwa mtu wa maua. Miaka saba tuliishi Karagita, karibu na mashamba ya maua, katika chumba kimoja cha kupanga, mimi, mume wangu na binti yetu Njeri, na kila asubuhi nilitembea kwenda kufunga waridi. Lile jumba la kufungia maua lina baridi, milango yake haiachwi wazi, jua haliingii wala upepo hauingii, na waridi hukaa wima kwenye ndoo kama askari kwenye gwaride. Baba Njeri alipopata kazi ya ualimu Njoro tukahama. Nikaona malori yakishuka kutoka Elburgon yamejaa mbao, nikasema hii ndiyo kazi. Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo hapo: kila nilichokijua juu ya waridi, nilikivisha mbao. Kitu kizuri hufungiwa, nilijiambia.

Basi nikajenga. Kuta nne za mabati nikazipaka rangi ya kijani, nikaweka milango miwili mikubwa ya chuma, na upande wa barabara dirisha refu la kioo ili mpita njia azione mbao zangu zimesimama kwa mstari. Sakafu ilikuwa ya simiti, imesuguliwa mpaka unaweza kujitazama uso. Fundi aliyejenga aliniuliza upepo utapitia wapi. Nikamjibu upite nje, barabara ni pana. Akaendelea na kazi yake. Siku ya kufungua mchungaji aliomba, majirani wakala mukimo na kunywa chai, na kila mtu akasema Njoro haijaona yadi ya mbao safi namna ile. Uzuri wa mkakasi, mwanangu, ndani kipande cha mti. Methali hiyo nilikuwa naijua tangu shule. Kujua methali na kuielewa ni vitu viwili.

Lori langu la kwanza lilileta mbao za saiprasi zilizokatwa juzi yake, mbichi, zinanukia mpaka barabarani. Tukazilaza juu ya simiti, moja juu ya nyingine, zimebanana hata wembe usingepita. Nyingine tukaziegemeza ukutani karibu na kioo.

Wiki ile ile akaja Mzee Koech. Huyu alikuwa amepasua mbao Elburgon tangu ujana wake mpaka mgongo ukapinda, na kila fundi wa upande ule alimjua. Alikuwa anatafuta mbao mbili za kurekebisha nyumba ya kuku. Aliingia, akasimama katikati, akavuta hewa puani kama mtu anayeonja mchuzi. Akainama, akajaribu kupitisha kidole kati ya mbao na mbao, kikakataa. Kisha akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, hii duka ni nzuri sana. Sasa nguo zitakuja lini?"

Sikuelewa. Nikamwambia siuzi nguo, nauza mbao. Akatikisa kichwa. "Mbao hukujengea mahali. Hapa umejengea macho ya watu."

Nilichukia. Nilimjibu kwa heshima ya mdomoni tu, kwamba kila mzee ana mambo ya zamani yake. Hakubishana. Alishika kofia yake, akaenda kununua mbao zake kwingine. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami siku ile nilikuwa nimeshanyoosha guu langu, nangojea.

Mteja wangu mkubwa wa kwanza alikuwa mwanamke wa Kuresoi, mkulima wa viazi, jina lake Mama Cherono. Mwaka uliotangulia alikuwa amerundika mavuno yake chini ya turubali, mvua ikaingia, viazi vikaoza mbele ya macho yake. Safari hii aliapa kujenga ghala. Alipita yadi tatu, akachagua yangu kwa sababu ilikuwa safi. Akachagua mbao zake, akalipa, akaniomba nizitunze mwezi mmoja, mpaka fundi wake amalize msingi wa mawe. Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilizisukuma mbao zake kwenye pembe ya ndani kabisa, nikazifunika kwa nailoni juu, nikafunga milango kwa kufuli. Huko nje mvua ya masika ilikuwa inamwagika kila alasiri, nami nikafurahi kwamba hata tone moja halijazigusa.

Siku mbili kabla ya kuja kuzichukua, niliinua ile nailoni ili nizipanguse vumbi. Harufu iliyotoka ilikuwa ya uji uliochacha. Mbao zilikuwa na ukungu wa samawati kutoka ncha hadi ncha. Niliivuta moja nikailaza sakafuni, ikabembea yenyewe kama kitanda cha mtoto. Zile za dirishani zilizopigwa na jua la kioo zilikuwa zimejikunja kama ngozi ya kuku kwenye mafuta.

Hapa nitakwambia jambo ambalo huwa sipendi kulisema. Sikulia, wala sikukimbilia kwa mtu. Nilitafuta kitambaa na maji ya sabuni, nikaanza kuzifuta moja moja. Nilikuwa nimeshapanga moyoni: zilizonyooka zikae nje ya fungu, zilizopinda ndani, nifunge kwa kamba imara, lori liondoke. Baba Njeri alirudi kutoka shuleni akanikuta nimepiga magoti. Akauliza swali moja tu.

"Zikifika Kuresoi, utazifuata na hicho kitambaa?"

Akaingia nyumbani kwetu, nyuma ya yadi, kuvua viatu vyake. Mimi nikabaki pale na maji ya sabuni yakinipoa mkononi.

Kesho yake nilikwenda Kuresoi. Nilimkuta Mama Cherono ameketi juu ya kigoda, anachambua mbegu za viazi. Nilimweleza yote, hata habari ya kitambaa, kwa sababu ukishavua nguo kwa ajili ya maji, huna budi kuyaoga. Nilingoja anitukane. Aliendelea kuchambua, kisha akainua kiazi kimoja.

"Mama Njeri, hii nikiifunga na gunia ya nailoni inaoza, na hata haijalowa na mvua. Kitu ikitoka shambani iko na maji yake ndani. Hiyo maji ulitaka itoke na wapi?"

Akaniambia kwamba yeye huvuna mwezi wa saba, na mwaka huu hatalia tena. Angenipa wiki sita. Mbao zikinyooka, sawa. Zisiponyooka, atatafuta kwingine, nami nimrudishie pesa zake tuachane bila kelele. Akanipa chai, nikainywa kwa aibu.

Kutoka Kuresoi sikurudi nyumbani. Nilipitia Elburgon, nikauliza kwa Mzee Koech, nikaonyeshwa. Alikuwa analisha kuku wake. Aliniacha niseme mpaka mwisho, na katika maneno yote aliyoweza kunirushia hakunirushia hata moja. Aliniuliza tu kama nina nyundo. Nikamwambia ninayo. Akasema ataleta yake pia.

Asubuhi yake alifika mapema, akaizunguka yadi mara mbili, mkono mgongoni, akitazama miti ya jirani inainama upande gani. Kisha akaniambia tuanze na ukuta ule wa mbele, wenye rangi nzuri. Alitaka nitoe bati la kwanza mimi mwenyewe. Mwanangu, wale majirani waliokula mukimo wangu walijaa barabarani kutazama. Kijana mmoja wa boda boda akasimamisha pikipiki, akaniuliza, "Mathe, niaje? Mnahama na hamjamaliza kuhamia?" Watu wakacheka. Nilikuwa nimebeba bati kichwani, nami nikajikuta nacheka. Kumbe aibu ukiicheka kwanza wewe, wengine hawapati pa kuishika.

Tulibomoa kuta mbili zilizokuwa zinautazama upepo, tukaacha nguzo na paa. Kwa mabati ya ukutani tukalirefusha paa, likatoka nje kama kofia ya mchungaji wa ng'ombe, mvua isifikie mbao hata ikija kwa ubavu. Kioo tulikiuza. Chini tukapanga mawe, juu ya mawe magogo, ili mbao zisiguse sakafu. Halafu akanifundisha kuzipanga: safu ya mbao, vijiti vyembamba juu yake, safu nyingine, vijiti tena, na kila kijiti kikae sawasawa juu ya mwenzake wa chini. Rangi iliyobaki tukaipaka kwenye ncha za mbao, kwa maana mbao hukauka kwanza nchani na hapo ndipo hupasuka. Juu ya kila fungu tukabebesha mawe mazito. Zile ambazo bado zilikuwa na umajimaji, alisema, zitakubali kunyooka. Samaki mkunje angali mbichi.

Nilimuuliza wezi je, sasa hatuna kuta. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mwizi mwekee ua ya waya. Lakini upepo usimfungie nje. Huyo ni mfanyakazi wako, na hata chai hanywi."

Nilihesabu siku kama mwanafunzi anayengoja mtihani. Kila asubuhi niliinua mbao moja, nikafumba jicho moja, nikatazama ukingo wake kutoka ncha hadi ncha kama alivyonionyesha. Si zote zilipona. Zilizokataa tulizikata fupi zikawa masanduku ya nyanya, na nikaongeza nyingine zilizokauka kutoka kwa mwenye yadi ya jirani, yule ambaye jengo lake nilikuwa nikilidharau kwa kuwa halina hata mlango. Wiki ya sita Mama Cherono alikuja mwenyewe na fundi wake. Alizigeuza zote, moja baada ya nyingine, hakuruka hata moja. Mwisho akamwambia fundi, "Pakia."

Mwishoni mwa mwezi wa saba mvua ya mawe ilipiga Kuresoi mchana mzima. Viazi vya Mama Cherono vilikuwa vimeshaingia ndani ya ghala lake jipya. Juma lililofuata gari lilisimama mbele ya yadi yangu, likashusha gunia la viazi na salamu. Tulivichoma vichache kwenye makaa, mimi, Baba Njeri na Mzee Koech, na yule mzee akala vinne, akasema viazi vya mtu aliyelala usingizi mzuri vina ladha yake.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Ukijenga, kiulize kwanza kile kitakachokaa ndani kinataka nini, ndipo umuulize mpita njia anapenda rangi gani. Ulichokijua jana usikivalishe kila kitu cha leo. Mtu ambaye kazi imempinda mgongo akisema neno dogo, likamate, maana anakwambia kosa lako kabla halijakomaa. Na ukiharibu, kwa kuwa utaharibu, usikae na kitambaa. Ondoka uende kwa mwenyewe ukaseme, ungali na wiki sita mkononi. Kupotea njia ndiko kujua njia, lakini ni kwa yule anayekubali kuuliza.

Nenda sasa, kabla jua halijawa kali. Mungu aibariki mikono yako, akupe jirani wa kukucheka bila chuki na wateja wenye subira. Akupe miguu myepesi ya kuufuata ukweli hata ukiwa umekaa mlimani. Kile utakachosimamisha kisimame, na watakaolala chini ya mbao zako walale wakavu.