Kaushu Juu ya Kutu

Mwaka jana binti yangu alihara siku nne. Nilipotoka naye kituo cha afya alikuwa mwepesi hata mgongo wangu haukumsikia. Muuguzi alikuwa ameniuliza tunakunywa maji gani. Ya robine, yale ya kufungulia koki, nikasema. Akauliza tiyo yake, bomba linaloyaleta, inapita wapi.

Inapita mtaroni. Ni tiyo ya chuma, ilizikwa kabla mimi sijazaliwa, na mtaro wenyewe ndimo mtaa wetu wote, kartye yetu hapa mjini Baraka, unamwagia uchafu. Panapovuja tunafanya kama wote: tunakata kaushu, ule mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, tunazungushia, tunakaza, tunasahau. Nyuma ya nyumba yangu niliifunga mimi mwenyewe, na nilijisifu.

Komite ya maji ilikuwa imeshatangaza masharti: tiyo ya chuma ikwanguliwe kutu, ipakwe rangi, ipitishwe juu ya mtaro, ikaguliwe kila mwaka. Nikaenda biro, ofisi yao, mtoto mgongoni. Prezida wa komite akanipa kiti. Nikamuuliza tiyo yetu itakwanguliwa lini.

“Mama, masharti ni ya tiyo ya mupya. Ile ya zamani iko inajulikana.”

“Inajulikana na nani, papa?”

“Usikasirike.”

“Mi nimeshakasirika. We unakunywa maji ya wapi?”

 Katibu wake akajibu bila kuinua macho kwenye karatasi: “Papa anakunywa ya chupa.”

Nikasema sitoki. Jumamosi ni salongo, kazi ya wote, na sisi kila mara tunafagia barabara ambayo Jumapili ni chafu tena. Nikadai tupewe ile asubuhi tufukue tiyo, naye aje aangalie. Akakubali, nadhani ili niondoke.

Jumamosi bamama wa mtaa walikuja na majembe. Maji yakafungwa. Jirani yangu alipofikia kaushu yangu akacheka: “Eh, mama, ulifunga kama muntu anafunga kilemba cha harusi.” Akaikata. Chuma kikatoka pamoja nayo, vipande vipande. Pembeni, pasipofungwa, kutu ilikuwa ya juu tu. Chini ya kaushu unyevu ulikaa ukala chuma, na tundu lilikuwa la vidole viwili. Mimi ndiye niliyeufungia humo. Sikuwa na wa kumtukana.

Prezida aliingiza kidole, akautazama mtaro, akakifuta kwenye suruali yake nzuri.

“Basi masharti ni ya tiyo yote,” akasema.

Fundi alikata kile kipande, akaunga kingine, akakipitisha juu ya mtaro. Sisi tulikwangua chuma kilichobaki mpaka kikang’aa, tukapaka rangi mara mbili. Mikono ilinuka siku tatu.

Tangu hapo kila Jumamosi tunafukua nyuma ya nyumba moja, na prezida anakuja na jembe lake. Maji ya mtoto bado nachemsha. Nitachemsha mpaka tiyo ya mstari wetu wote iishe. Zimebaki nyumba sita.