Mkaja Niliofungwa Bahrain

Hasira za safari ile zilinianza siku tisa kabla ya ndege, ukumbini kwenye flati yetu ya Wembley, nilipojikwaa na mfuko wa plastiki nikataka kuanguka na mtoto mkononi.

"Huu wa nani?" nikauliza.

Mama mkwe, ambaye wakati ule alikuwa akikaa nasi, hakuondoa hata macho kwenye televisheni. "Mzigo mdogo tu, mwanangu. Wa Bahrain."

Nilikuwa nakwenda Unguja na binti yangu wa miaka miwili na nusu, kwenye harusi ya wifi yangu, mtoto wa shangazi yake mume wangu. Tiketi tuliipata kwa wakala mmoja wa Harrow, Muhindi mzaliwa wa Kisumu, na siku aliponiuzia aliniomba radhi kama aliyeniibia. "Dada, samahani sana. Hii ya bei nafuu inakushusha Bahrain, unasubiri saa kumi na moja nzima. Saa kumi na moja na mtoto! Ile ya kusubiri saa mbili imejaa." Kidogo niiruke kaunta nimkumbatie. Bibi yangu alikuwa Bahrain.

Bibi ndiye aliyenilea. Nilipotimiza miaka kumi mama akaniita London, na mwaka uliofuata ami yangu, aliyepata kazi Bahrain, akamchukua Bibi akakae naye. Miaka kumi na minne nilikuwa naye kwa simu tu, kwa zile kadi za kukwangua zinazouzwa dukani, ambazo kila ukianza kusema la maana anaingia mwanamke wa kwenye mashine kukwambia zimebaki dakika mbili.

Na la maana nililokuwa nalo mimi ni hili. Kwetu mwanamke akizaa haachwi peke yake. Anakandwa kwa maji ya moto, ananyweshwa uji wa pilipili manga, na anafungwa mkaja, ile nguo ndefu inayozungushwa tumboni na kukazwa mpaka macho yanatoka, ili mwili urudi mahali pake. Siku arobaini. Mimi mama yangu alikuwa ameshafariki, mama mkwe alikuwa bado hajaja, mume wangu alikuwa kazini kwenye geti la uwanja wa mpira. Hospitali walinipa mkate na jamu, na kesho yake wakanirudisha nyumbani kwa basi. Akaja mkunga, akampima mtoto, akaandika, akaenda zake. Hiyo ndiyo arobaini yangu.

Tumbo langu likabaki wazi kama mlango wa duka. Miaka miwili baadaye wanawake walikuwa bado wananisimamisha njiani, "Hongera, shoga! Mwezi wa ngapi?" Nikiwajibu, "Wa chapati." Nacheka mbele yao, nikifika nyumbani nafunga makabati kwa kishindo. Bibi nilimweleza kwenye simu, vipande vipande, katikati ya dakika mbili mbili. Akaniambia neno moja: "Siku nitakayokutia mkononi, nitakufunga."

Basi ndiyo sababu saa zile kumi na moja nilizitaka zote, sikutaka kumgawia mtu. Ampakate kitukuu chake, anifunge mkaja wangu, basi.

Lakini mtu anayesafiri kwetu ni posta. Ukilitaja neno tiketi Wembley kwa kunong'ona, Woolwich, upande wa pili wa London, wameshalisikia. Siku ya nane kabla ya safari mizigo ilikuwa miwili, siku ya tatu ikawa minne. Nguo za kulalia, viatu vya skuli, chai ya pakiti, dawa ya miguu.

"Mama, mimi si posta," nikasema.

"Nimeshawakubalia."

"Uliwakubalia kwa mgongo wa nani?"

"Wako, mwanangu. Wangu unauma."

Wa tano aliuleta mwanamke mtu mzima kutoka Woolwich, kwa treni mbili na basi. Siku hiyo lifti ilikuwa mbovu. Alipanda ghorofa tatu kwa miguu yake, na tangu ya kwanza tulimsikia akiitukana lifti. Nikamwambia mlangoni, "Samahani, begi limejaa." Akaniwekea kifurushi mikononi, akasema, "Ahsante, mwanangu, Mungu akupe," akageuka, akashuka akiitukana tena.

Tulitua saa kumi na mbili asubuhi. Mtu yeyote asikudanganye, saa za kwenye tiketi si saa za kweli. Toa foleni ya viza, toa kusubiri begi, toa kurudi mapema uwanjani: saa kumi na moja zikabaki saba. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwapo Mwingereza mwenye kaptula na kitabu cha kuongozea watalii. Naye anapitia tu, naye kazigawa saa zake: ngome, soko la dhahabu, na mti mmoja ulioota jangwani peke yake. Akaniuliza mimi nimepanga kutazama nini.

"Bibi yangu," nikamwambia.

Nadhani alitaka kumtafuta kwenye kitabu.

Ami alitupokea kwa gari. Nchi yenyewe ndogo, na nyumba yake ilikuwa Muharraq, karibu na uwanja hata ndege zikipita juu vikombe vinalia kabatini. Alituteremsha, akasema atarudi saa nane na nusu kutuchukua, akaenda kazini. Mkewe yuko kazini, watoto wako skuli. Nyumba nzima yetu. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, mfupi kuliko nilivyomwacha, kanga mabegani, kope zinamcheza.

"Mke mwenzangu!" akapiga kelele. "Lo! Umenenepa!"

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza baada ya miaka kumi na minne. Nikalia na kucheka kwa pamoja. Akamgeukia mtoto, akamshika kidevu, na kengele ikalia.

Nikauliza, "Nani?"

"Mgeni," Bibi akasema, na nikamwona akibadilika pale pale, kutoka bibi yangu akawa mwenye nyumba.

Mama mkwe alikuwa amewapigia simu wote watano. Nyumba wanaijua, ndege wanaijua, saa wanaijua. Na kwetu mtu haji akachukua mzigo wake akaondoka, hiyo ni tabia ya msoma mita ya umeme. Lazima aketi. Lazima anywe kahawa, ale kitu, aulize habari za London tangu baridi mpaka bei ya nyumba, ajue mimi ni mtoto wa nani, na tukikosa udugu tuutafute mpaka tuupate. Na Bibi hakuweza kuketi kwa sababu kuna mgeni. Akawa jikoni. Mandazi yakitoka, sambusa zinaingia. Halua ya pale Muharraq akaileta kwenye sinia, na kila mgeni akimwambia, "Kuleni, ingawa si ya Wete, hii imekosa mkono."

Wa kwanza alikaa saa nzima. Wa pili alikuja na wifi yake. Wa tatu na wa nne walikutana mlangoni, wakakaa wakazungumza wao kwa wao, mimi nikawa kama mapambo. Mwanangu alikuwa chini ya meza anakula halua kwa ngumi. Kila nikienda jikoni kumfuata Bibi ananifukuza: "Rudi kwa wageni, usiniaibishe!" Saa tano na nusu, walipoondoka wale wawili, nikahesabu. Nilikuwa nimemgusa Bibi yangu mara mbili. Mara moja mlangoni, na mara moja aliponipa sinia.

Hapo nikapasuka. Nikauchukua mzigo wa mwisho, kile kifurushi cha Woolwich, nikakiweka nje juu ya ngazi na karatasi yake ya jina. Nikafunga mlango kwa ufunguo, ufunguo nikautia kifuani.

Bibi alitoka jikoni na mwiko. "Unafanya nini?"

"Nimefunga posta."

"Mgeni atakuja!"

"Mzigo wake uko nje. Bibi, nimetoka London na tumbo hili. Uliniahidi. Saa nane na nusu ami anakuja, na wewe unakaanga sambusa za watu nisiowajua! Mimi si mgeni? Kwa nini mimi sipikiwi?"

"Nimekupikia pweza."

"Sitaki pweza! Nataka mkaja!"

Nilikuwa nalia kama wa miaka kumi. Bibi akautazama mwiko, akautazama mlango. Kisha akaenda kuzima jiko, akanishika mkono, tukaingia chumbani kwake na mtoto, akarudisha mlango. Kutoka chini ya sanduku akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa, kikuukuu, laini. "Huu ndio niliomfunga mama yako ulipozaliwa wewe. Vua."

Akanilaza. Akanikanda kwa mafuta ya nazi kwa vidole vyake vigumu, huku akinitukana kwa vile nilivyonyamaza miaka miwili, akawatukana hospitali, akamtukana na mume wangu kidogo kwa haki. Na kengele ikalia.

Tukaganda. Bibi akajiziba mdomo kwa kanga. Kengele ya pili. Nilidhani anahuzunika kwa aibu, nikamtazama vizuri: anacheka. Mabega yanamruka. Bibi yangu, ambaye hajapata kumwacha mgeni mlangoni tangu kuzaliwa kwake, amejificha kitandani anacheka kama mtoto aliyeiba sukari. Nami nikacheka, kimyakimya, tumbo lote wazi linatikisika.

Tulimsahau mmoja. Binti yangu akakimbia ukumbini na halua mkononi, akapiga kelele: "Mummy! Door! Door!"

Sauti ya mwanamke ikatoka nje: "Mtoto anasema mpo."

Bibi akaniziba mdomo kwa ncha ya kanga yake.

"Basi nisifunguliwe, nisiwasumbue. Mzigo nimeuona. Nataka neno moja tu. Wewe uliyetoka London, mama yangu umemwona kwa macho yako? Kwenye simu ananiambia mzima, lakini kwenye simu kila mtu mzima. Anatembea?"

Nikajifunga kanga nikatoka. Nilikuwa bado nina hasira, nasema kweli. Lakini hasira hazizuii mkono kufungua mlango. Alikuwa mwanamke wa umri wangu kama si mdogo, kifurushi kakikumbatia.

"Anatembea," nikamwambia. "Lifti yetu mbovu. Kapanda ghorofa tatu bila fimbo, na matusi yake kayafikisha juu mazima."

"Anaitukana lifti?"

"Kwenda na kurudi."

Akaketi papo hapo kwenye ngazi, akacheka mpaka machozi, anarudia, "Ndiye! Ndiye mama yangu huyo!"

Nilijua kitakachofuata. Atakaribishwa, Bibi atakwenda jikoni, na saa zangu zimekwisha. Lakini sauti ya Bibi ikatoka chumbani: "Mwambie aingie! Kahawa ajipikie mwenyewe, mie siinuki!"

Mgeni akabaki mdomo wazi. Na mimi pia.

"Na akimaliza," Bibi akaendelea, "aje huku. Mkaja haufungwi na mtu mmoja."

Ndivyo nilivyofungwa. Bibi upande huu, mtoto wa mwanamke wa Woolwich upande ule, kila mmoja na ncha yake, goti lake limejikita ubavuni kwangu. "Vuta!" "Nimevuta!" "Umevuta kama unafunga zawadi, vuta!" Mgeni akasema yeye watoto watatu amezalia hapa Bahrain, na kila mara Bibi ndiye aliyekwenda kumfunga. Kwa hiyo anaijua kazi. Nilihisi wivu, kisha nikakosa pumzi ya kuhisi kitu chochote. Ndege ikapita juu, vikombe vikalia.

Baadaye tulikula pweza tukiwa tumekaa chini chumbani, sote wanne. Bibi alimpakata mwanangu, akamsuka nywele zote, na pua yake akasema ni ya babu. Mtoto akimjibu kwa Kiingereza, Bibi anamjibu kwa Kiswahili, na wanaelewana. Mgeni ndiye aliyeosha vyombo. Bibi hakuinuka mpaka ami alipopiga honi.

"Miaka miwili na nusu," nikamwambia mlangoni. "Mkaja umechelewa kufaa?"

"Huu umekupoza hasira tu. Wa kukurudisha tumbo ni wa mtoto wa pili. Huyo usinicheleweshee."

Kwenye ndege ya Unguja ukanda wa kiti haukuwa na kazi, nilikuwa nimeshafungwa. Sikuweza kuinama kuokota kiatu cha mtoto. Nilikaa wima kama bibi harusi mpaka tukatua.

Wa pili nilimzaa miaka miwili baadaye, na siku chache tu baada ya kujifungua nikaenda Harrow na kichanga begani, mwenyewe natembea kama bata. Yule wakala alifurahi kuniona. "Dada, safari hii bahati yako! Nina tiketi, unasubiri saa mbili tu."

"Sitaki. Ndefu kuliko zote ni ipi?"

Akapekua. "Ipo ya saa kumi na tisa. Lakini hiyo hata adui yangu siwezi kumuuzia."

"Niuzie mimi."

Akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akaanza kuandika. Katikati kalamu ikasimama. "Kama unatoka nje pale Bahrain... Dada yangu kaolewa huko. Nina mzigo mdogo tu."

Nikamwuliza kama dada yake ana mikono yenye nguvu.