Dirisha kwenye Sikio la Sungura

Sungura wa nne ndiye aliyekubali. Wa kwanza alijikuna mpaka kioo kikang'oka, wa pili sikio lilitunga usaha, wa tatu alikufa tu, na daktari Mbelgiji akanitazama kana kwamba nimemnyonga mimi. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unatoboa sikio la sungura, unalibana tundu kwa vioo viwili vyembamba, kisha unangoja mishipa ya damu iote katika ule uwazi. Kila asubuhi, pale hospitali ya Kasongo, nililaza sikio chini ya darubini nikachora nilichoona. Sungura akishtuka, mishipa inajibana, huoni kitu. Na wagonjwa nao hawakuacha kuchungulia mlangoni.

Daktari aliniahidi kwamba nikimchorea mishipa mpaka ikutane katikati, ataniandikia barua ya kwenda shule ya wasaidizi wa madaktari, Leopoldville. Nilikuwa nimechoka kuosha chupa. Niliitaka barua ile kuliko kitu chochote.

Siku moja ikabaki nafasi ya upana wa unywele. Sungura alikuwa mkaidi, nikamchoma sindano ya usingizi, akalegea mezani. Kabla sijachora nikaitwa wodini kumshika mgonjwa. Baba mkwe wangu, aliyetoka Nyangwe kuja kutibiwa jicho, alikuwa kwenye benchi nje. Nikamwomba aangalie mtu asiingie.

Niliporudi alikuwa anafuta kisu chake.

"Mukwe, niliona kimya, nikaingia," aliniambia kwa upole. "Nikamukuta anakata roho, nikamuwahi. Ningekawia, ingekuwa kibudu."

Alikuwa amemwelekeza kibla, amemsomea bismillahi, amemchuna na kumsafisha. Nikauliza masikio yako wapi. Aliyatupa nje, na mbwa walikuwa wameshayala. Nilitaka kupiga kelele. Lakini mkwe hapigiwi kelele, na kwa dini yetu hakukosea hata chembe.

Daktari alitazama mchoro wa mwisho, akasema mishipa haijakutana. Likizo yake ya kurudi Ulaya ilikuwa karibu, hakukuwa na muda wa sungura wa tano. Akanirudisha kwenye chupa.

Jioni mke wangu akaleta sahani. Baba yake akanisogezea paja, kipande cha heshima. Kukataa kungekuwa kumwambia, mbele ya binti yake, kwamba amechinja mzoga. Nikala lote, nikasema, "Asante, baba."