Siku Lori la Tata Lilipoondoka Lenyewe

Lori la zamani likishuka mlima kwa gia nzito hutoa mlio ambao magari ya siku hizi hayaujui. Ni mlio wa mtu mzima anayejizuia kukohoa kanisani. Nilikuwa nimesimama nje ya duka pale Kayanga, nimebeba madaftari ya wanafunzi wangu, nilipousikia kutoka juu ya barabara. Likatokea lori la pua ndefu, boneti imechakaa rangi, shehena ya ndizi imefunikwa kwa turubai. Vijana wa bodaboda wakalicheka. Mimi nilibaki nimeduwaa hadi mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Siumwi. Ila kuna jambo nililofanya nikiwa na miaka tisa, na kila nikisikia mlio ule huwa kama vile bado sijaitwa kujieleza.

Kwetu ni Nyaishozi. Baba yangu, ambaye sisi tulimwita Tata kama wanavyoitwa baba wote wa kwetu, alikuwa dereva. Kwa miaka mingi aliendesha malori ya watu, kisha akanunua la kwake, kuukuu, pua ndefu, kabini yenye dirisha moja lisilofungika. Juu ya kioo cha mbele aliandikisha neno Omugisha, yaani baraka. Mama alikuwa akisema mumewe ameoa mke wa pili, na huyo wa pili anakunywa kuliko walevi wote wa kijiji. Tata alicheka, kisha akaenda kumfuta mke wa pili vumbi.

Alisomba kahawa na ndizi kutoka vijiji vyetu na vya upande wa Kyerwa, akapeleka Bukoba. Masika, barabara ilipogeuka tope jekundu, aliweza kulala njiani siku mbili akarudi na matope hadi kwenye nyusi. Lakini hakuwahi kuanguka. Watu walimsifu kwa hilo, naye alijibu kwa msemo wake uleule: "Mlima ushuke kwa gia uliyopandia." Hata mama alipotaka kugombana na jirani, Tata alimwambia ashuke kwa gia aliyopandia, na mama akazidi kukasirika.

Alikuwa na utaratibu wake wa kuegesha. Alizima injini, akaingiza gia, akavuta hendibreki mpaka ikalia, kisha akaketi kidogo ameshika usukani kana kwamba anaaga. Nilimtazama mara nyingi mno nikiwa nimekaa pembeni yake, kwa sababu nilikuwa mtoto wake wa pekee wa kike na aliniruhusu nipande. Sheria ilikuwa moja. Yeye asipokuwamo ndani, mimi nisiwemo.

Siku ninayoisema ilikuwa ya msimu wa kahawa. Tata alirudi mchana akaegesha uani kwetu, mahali penye mteremko kidogo, magurudumu ya nyuma yakiwa yametulia kwenye kishimo. Chini ya ua kilianza kibanja chetu, migomba mikubwa ya kupendeza, na kahawa imepandwa katikati yake. Magunia ya kahawa yalikuwa yamepangwa barazani yakisubiri kupakiwa. Lakini kwanza kilikuwa chakula. Mama alikuwa amepika ndizi na maharage, na wanaume waliokuja kupakia waliketi pamoja na Tata ndani. Mmoja wao alikuwa Bizimana, mtu mwenye mabega mapana ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Alitulimia kibanja kwa miaka mingi, na ndiye aliyenifundisha kupiga mluzi.

Mimi nilimaliza kula mapema. Nikatoka nje, nikaliona lori limesimama peke yake kwenye jua, mlango wa kabini haujashikika vizuri.

Nilipanda. Kabini ilinukia dizeli, jasho la Tata, na maganda ya kahawa yaliyokauka. Nilishika usukani nikaanza safari ya Bukoba. Nilipita Kayanga nikawapungia watu mkono. Nilipofika mlimani ikabidi nibadilishe gia, kwa hiyo nikausukuma ule mkono wa gia kwa mikono miwili mpaka gia ikachomoka. Kisha nikakumbuka kwamba dereva hawezi kuondoka bila kushusha hendibreki. Ilikuwa ngumu. Nilining'inia juu yake kwa uzito wangu wote, nikabana kitufe cha kichwani, ikashuka kwa kishindo kidogo.

Hakikutokea kitu. Lori lilibaki palepale kwenye kishimo chake. Nikawasili Bukoba salama, nikashuka, nikaufunga mlango taratibu, nikaenda nyuma ya nyumba kuwafukuza kuku.

Hilo ndilo lililonidanganya, ndugu zangu. Laiti lingeondoka pale pale ningepiga kelele, nao wangenikuta humo ndani. Badala yake wanaume walimaliza kula, wakanawa, wakaanza kupakia. Gunia la kwanza, la pili, la kumi. Kila gunia lilipotupwa bodi ilitikisika, na kishimo hakikuwa kirefu. Nilikuwa nimekaa kizingitini pamoja na mama nilipoona lori linapiga hatua moja, kama ng'ombe anayeamka, halafu likaanza kwenda kinyumenyume.

Tata alikuwa barazani. Alikimbia akaushika mpini wa mlango, likamkokota, akaanguka. Bizimana alikuwa juu ya magunia. Aliruka, mguu ukatangulia vibaya. Lori likaingia kibanjani likivunja mgomba mmoja baada ya mwingine kwa sauti ya kitu kilicholowa, mpaka likalalia ubavu karibu na kaburi la bibi yangu. Magunia yakapasuka. Kahawa ilitapakaa kila mahali.

Watu walikuja mbio kutoka pande zote. Bizimana alikuwa ameshika goti lake bila kulia, akirudia tu, "Mungu wangu, Mungu wangu," kwa sauti ndogo. Baada ya kumpeleka hospitali, Tata alipanda kwenye kabini iliyolala. Wanaume wawili walikuwa wamekwisha kuchungulia. Hendibreki iko chini. Gia haimo. Tata alitazama, kisha akashuka.

Jioni aliniita. Hakuwa mkali. Naapa kwamba angekuwa mkali labda ningesema.

"Koku, kuna mtu alipanda kwenye lori tukiwa tunakula?"

"Hapana, Tata."

"Hukumwona mtoto yeyote hapo nje?"

"Hapana."

Alitikisa kichwa polepole. Aliniamini mara moja, kama mtu aliyekuwa tayari analijua jibu. Nikaenda zangu, nikapita karibu na dirisha la chumba chao wakati anamwambia mama, "Imenianza. Kama ilivyomwanza mzee."

Mama alimwambia asiseme hivyo, amechoka tu.

"Mzee naye tulisema amechoka," akajibu.

Sikuelewa kitu gani kimemwanza. Nilidhani ni maumivu ya bega aliloangukia. Nilishukuru kwamba hawakuwa wakinizungumzia mimi, nikalala usingizi mzito kabisa. Ninaona aibu zaidi kwa usingizi ule kuliko kwa uongo wenyewe.

Lori lilinyanyuliwa, likatengenezwa, likawaka tena. Lakini Tata aliliendesha wiki chache tu. Alikuwa akiegesha, akishuka, akirudi kutazama hendibreki, akishuka, akirudi tena. Nyumbani aliuliza kama amefunga mlango, kama amelisha mbuzi, kama shilingi aliyoitoa kanisani ameitoa wiki hii au iliyopita. Asubuhi moja alikwenda na lori kuelekea Murongo, akarudi kwa gari la watu, amelikabidhi kwa mwingine. Mama alimuuliza kwa nini. Alisema, "Bizimana alikuwa na bahati. Wa pili hatakuwa nayo." Alikuwa hajafika hata miaka hamsini.

Tangu hapo akawa mtu wa kibanja. Alilima vizuri, hakulalamika. Ila tulipopanda gari kwenda mahali aliketi mikono ameibana katikati ya magoti, macho yametazama chini, na dereva akikanyaga breki nilimwona mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu.

Bizimana alikaa nyumbani kwake miezi mitatu, na alipotoka alikuwa anachechemea, hali iliyobaki naye mpaka alipofariki. Katika miezi ile ni mimi niliyempelekea chakula. Mama aliwaambia wanawake wa jumuiya kwamba Mungu amenipa moyo wa huruma. Bizimana alinipokea bakuli kwa mikono miwili. Siku moja nilimuuliza kama anamchukia baba yangu. Alicheka.

"Mtu akisahau, amesahau," alisema. "Utamchukia kwa kuwa kichwa chake kimempita?"

Nilitaka kumwambia pale pale. Nilifungua mdomo. Kisha nikamwomba anifundishe tena ule mluzi wa vidole viwili.

Ukishakosa siku ya kwanza, ya pili ni ngumu zaidi, na mwaka ukipita unajiona kama utafukua maiti. Nilisoma, nikawa mwalimu, nikaolewa Kayanga. Nikiwa chuoni ndipo mama aliponisimulia jinsi babu alivyoishia: alipotea njia ya kisimani kwake mwenyewe, akasahau majina ya wanawe, na Tata ndiye aliyemlisha kwa kijiko. Nilielewa hapo neno "imenianza" lilikuwa na maana gani. Na bado sikusema. Nilijiambia kwamba ametulia, kwa nini nimtibue.

Ugonjwa ule ulikuja kweli, lakini ulikuja amekwisha kuvuka sabini. Miaka zaidi ya ishirini aliusubiri bure. Mama aliponipigia simu kwamba Tata amevaa shati juu ya koti, nilijua muda umeniishia. Jumamosi ile nilikwenda Nyaishozi, nikamkuta kwenye benchi anachambua maharage. Nilimwambia yote, kuanzia mlango ambao haukushikika.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo niliivuta?"

"Uliivuta, Tata. Na gia uliweka."

Aliigeuza mikono yake akaitazama viganja, halafu mgongo. "Bizimana amekufa akijua ni mimi," alisema. Akaweka ungo chini, akaenda kibanjani, hakurudi mpaka mama alipomwita chakula cha jioni. Hakunisemesha siku ile. Nilirudi Kayanga nikiona nimestahili.

Wiki mbili baadaye nilimkuta anazungumza na mzee mwenzake. Alikuwa anamsimulia jinsi alivyosahau hendibreki, miaka ile, akamvunja mtu mguu. Alisimulia vizuri, hakukosea hata idadi ya migomba. Ya zamani yote alikuwa nayo. Niliyomwambia mimi ndiyo yaliyokuwa yameondoka.

Basi nikamwambia tena. Nimemwambia mara nyingi sasa. Kuna siku hunyamaza. Kuna siku hucheka mpaka akakohoa, akamwita mama aje asikie kwamba aliivuta. Siku moja alinifukuza uani kwa fimbo, mimi mwanamke wa watu mwenye miwani, na mama akasimama katikati yetu. Kila mara ni mara ya kwanza kwake, na kwangu pia haizoeleki.

Jumamosi iliyopita hakunitambua. Alinikaribisha kama mgeni, akaitikia shikamoo yangu kwa adabu, akaniambia kuhusu lori lake. Nikamwambia kwamba mtoto ndiye aliyeshusha hendibreki.

"Mtoto wa nani?"

"Wa hapa nyumbani."

"Mlimpiga?"

"Hapana. Hakuna aliyejua. Alinyamaza."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Tisa."

Alifikiri sana, vidole vikitembea juu ya goti lake. "Tisa ni mdogo," alisema. "Angemwambia baba yake. Baba yake angemwelewa."

Nilichokiogopa nikiwa mtoto kilikuwa fimbo. Sikujua kwamba katika nyumba ile kulikuwa na mtu mzima mwenye hofu kubwa kuliko yangu, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa na neno la kumponya. Nililishika miaka yote aliyoweza kulitunza. Sasa ninampa, naye hana pa kuliweka. Jumamosi nitakwenda tena, nikae naye kwenye benchi, nianze upya tangu pale nilipomaliza kula mapema.